Mawe Yaliyoanikwa Ngagara

Ting.

Kijiko kiligonga kikombe cha bati, huko jikoni.

Marguerite Mirindi alifumbua macho gizani. Kulikuwa hakujapambazuka bado. Ubavuni mwake binti yake Geneviève alipumua taratibu, kidole gumba mdomoni. Chumba cha pili mamamkwe wake, Koko Dorothée, alikuwa akikoroma. Nyumba hii ya mtaa wa Ngagara ilikuwa na watu watatu, na wote watatu walikuwa kitandani.

Basi nani alikuwa akikoroga chai?

Mkono wake uliingia chini ya mto ukatoka na bastola yake, Browning. Akashuka kitandani bila kukitikisa, kama anavyojua kila mama aliyekwisha kumlaza mtoto msumbufu.

Ting. Ting.

Akashusha pumzi. Mara moja, kisha mara mbili. Ilikuwa ishara ya Ofisi, idara ya upelelezi aliyoifanyia kazi.

"Huseni," alinong'ona mlangoni mwa jikoni, "siku moja nitakupasua kichwa."

"Apana, Mama Geneviève, usinipige! Mi niko na watoto saba, na hakuna hata mumoja mwenye akili ya kulisha wengine." Huseni, dereva wa Ofisi, alikuwa ameketi juu ya kigoda cha Koko, anakunywa chai baridi ya jana. "Sukari munaficha wapi? Nimetafuta mpaka nimechoka."

"Sema kilichokuleta."

Huseni aliweka kikombe chini. Utani ukamtoka usoni.

"Sangala anasema Mamba amevuka."

Marguerite alishika mwimo wa mlango.

Sangala alikuwa Gaspard, mkuu wao. Ndagala alikuwa Huseni, Mukeke alikuwa yeye mwenyewe. Gaspard alipenda samaki, na majina ya siri yote aliyatoa ziwani. Mamba ilikuwa habari nyingine. Mamba alikuwa Dekerk, askari wa kukodiwa aliyezeeka vitani Kongo na sasa akiuza bunduki kwa yeyote mwenye chuki na mahali pa kuificha. Mwaka uliopita alitafuta fundi wa redio mwenye mkono mwepesi, wa kumuungia nyaya za viroketi vidogo. Fundi aliyempata alikuwa Léonce, mume wa Marguerite. Hakujua kwamba Léonce ni mtu wa Ofisi.

Alipojua, Léonce hakurudi nyumbani.

Waliokota Vespa yake tu, karibu na mto Rusizi. Mwili haukuonekana. Na bila mwili hakuna kaburi, na bila kaburi Koko Dorothée alikataa katakata kuondoa kilio. Tangu siku ile hakunyoa nywele, hakukaa arusi ya mtu, hakula meza moja na wageni. Nyumba nzima ilikuwa imeshika pumzi.

Marguerite hakulia sana. Alikwenda kwa Gaspard akaomba kiti cha mumewe.

"Amevukia wapi?"

"Rusizi, na mutumbwi. Mupiga kasia ni mutu wetu, akauyumbisha kidogo." Huseni alitabasamu. "Maji yakaingia. Roketi zake zilikuwa ndani ya plastiki, lakini mawe yake yote yamelowa. Yameoza."

Mawe. Ndivyo watu wa Ngagara walivyoita betri za redio.

"Halafu akaingia kwenye matete, akapotea. Lakini amesema na mwenzake, mupiga kasia akasikia. Ni leo jioni. Roketi inapanda, juu kule mwamvuli unafunguka, taa nyekundu inaning'inia. Boti ziko ziwani zinangojea ile taa. Wakiiona, bunduki zinashuka inchi kavu, na hatujui ni pwani gani."

"Kwa hiyo lazima anunue mawe leo."

"Ya mraba, ya volti tisa. Chef Gaspard ameshapita maduka yote. Kila duka litamwambia yameisha, isipokuwa kwa Mzee Majid."

Marguerite alitazama nje. Anga ilianza kufifia rangi upande wa milimani. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1969, na jua la siku hiyo lingekuwa kali.

"Mwambie Sangala mimi ndiye nitakayekaa dukani," alisema. "Na umwambie asimpe Mamba mawe mapya."

"Tumpe ya namna gani basi?"

"Ya majirani."

*

Hakuna mtu wa Ngagara aliyetupa jiwe la redio kwa sababu limekufa. Jiwe likizimika katikati ya taarifa ya habari, lilitolewa, likawekwa juu ya bati au dirishani, likaanikwa juani kama muhogo. Jioni lilirudi redioni, na redio ikasema tena kidogo. Siku zilizofuata likaanikwa tena. Lilikuwa limekwisha, ila halijakubali.

Marguerite alipita nyumba kwa nyumba na kikapu.

"Mawe yangu unapeleka wapi, we Mama Geneviève?" jirani mmoja aliuliza, mikono kiunoni.

"Nakuletea mapya kesho."

"Mapya? Na bwana yangu jioni atasikiliza nini?"

"Atakusikiliza wewe."

"Ee Mungu wangu, yarudishe haraka!"

Aliyaanika yote juu ya paa la bati la jiko lake. Jua lilipopanda, mabati yakalia kwa joto. Adhuhuri akachukua mita ya umeme ya Léonce, akayapima moja baada ya jingine. Mengi hayakuitikisa sindano. Machache yaliipandisha. Mawili yaliipandisha mpaka karibu na tisa, kama yametoka kiwandani.

Hapo ndipo palipokuwa na uongo wa jiwe lililoanikwa. Ukilipima bure bure, linajigamba. Ukilitwika kazi yenyewe, linakata roho.

Léonce ndiye aliyemfundisha hayo, juu ya meza ya kulia, Geneviève akiwa tumboni. Mume alishika chuma cha kulehemu, mke alishika taa.

Aliyasugua yale mawili kwa jivu mpaka yakang'aa, akayatia katika vikasha vipya alivyoletewa na Huseni.

*

Duka la Majid bin Nasser lilinuka karafuu na mafuta ya taa. Mzee mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, tasbihi mkononi.

"Binti yangu, akikugusa tu, nampiga na hili jiwe la mizani, wallahi," alisema.

"Usimpige, Mzee. Akifa hapa atakufa na siri yangu."

Land Rover ya kijivu ilisimama nje.

Dekerk aliingia ameinamisha kichwa, mrefu, mwekundu shingoni. Alizungumza Kiswahili cha kambini, kila neno kama teke.

"We mama. Pile ya volti tisa iko?"

"Iko mbili tu, patron. Mji mzima zimeisha."

"Lete."

Alizikagua. Akatoa mita mfukoni, akagusa vichwa vya jiwe la kwanza. Sindano ikapanda. Akagusa la pili. Ikapanda. Akanung'unika kwa kuridhika. Kisha akatoa kiunganishi: kijikofia cheusi chenye vifungo viwili vya kubana, nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zikitoka ubavuni. Akakibana juu ya jiwe kuona kama kinakaa sawa.

Tap. Tap.

Marguerite aliona utepe uliofungwa penye maungio ya nyaya.

Ncha ya utepe ilikuwa imekunjwa pembe tatu ndogo, ili mtu akitaka kuufungua asihangaike na kucha.

Katika mji huu ni mtu mmoja tu aliyekunja utepe hivyo. Kila waya wa nyumba yao, kuanzia redio hadi pasi, ulikuwa na pembe tatu ile.

Alikuwa akiitazama kazi ya mwisho ya mumewe, mkononi mwa aliyemuua.

Chini ya kaunta vidole vyake vilipata Browning. Ilikuwa rahisi hivyo. Kifua cha Dekerk kilikuwa mbele yake, kipana kama mlango. Risasi moja, na mwaka mzima wa kunyamaza ungekwisha. Lakini Léonce angebaki alipo, na Koko angekufa na nywele zake zile.

Vidole vikaachia.

"Karibu tena, patron," alisema.

"Sitarudi," Dekerk alijibu, akatoka.

Redio ya mkono ilikoroma chini ya kaunta.

"Ndagala kwa Mukeke. Niko nyuma yake. Peugeot yangu inamunusa."

"Usimkaribie sana."

"Niko mbali kama shemeji mwenye haya."

Mzee Majid alitoka nyuma ya pazia, akasimama akisikiliza pamoja naye. Redio ikakoroma tena.

"Ndagala kwa Mukeke... nimemupoteza."

"Umempotezaje?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wote! Barabara nzima ni mapembe! Yeye amepita, mimi wamenizunguka, mumoja analamba kioo!"

Mzee Majid alifumba macho. "Astaghfirullah," alisema polepole.

*

Jua liliteremka nyuma ya milima ya Uvira, na ziwa likageuka rangi ya shaba. Marguerite alikaa juu ya Vespa ya Léonce kwenye barabara ya kaskazini, mahali ambapo angeweza kukata kwenda mitaa ya Ngagara, Mutakura au Mutanga bila kupoteza muda. Huseni alimngojea nyuma yake ndani ya Peugeot, mlango wazi.

"Sangala kwa Mukeke." Sauti ya Gaspard ilikuwa kavu. "Askari wangu wametawanyika pwani yote kama mbegu. Taa ile ikining'inia, sijui boti zitashukia wapi."

"Haitaning'inia, Chef."

"Una uhakika?"

Marguerite alitazama anga. Angeweza kudanganya.

"Sina. Jiwe ni jiwe. Linaweza kubakiza nguvu ya mara moja."

Gaspard alijibu: "Mungu asikie hayo mawe."

Giza jembamba likaanza kutanda. Taa za kwanza zikawaka Ngagara.

Fiiiiii!

Kutoka mabondeni mwa Mutanga Nord mstari mweupe ulichora anga. Roketi ilipanda imenyooka, ikimeta mkiani. Kuirusha hakukuhitaji mawe ya Majid. Kwa hilo Dekerk alitumia betri ya gari. Mawe yalikuwa na kazi moja tu, kule juu. Roketi ikianza kuinama, kijiswichi kingeunga njia ya umeme, jiwe lingesukuma moto, mwamvuli ungetoka, na taa nyekundu ingewaka.

Mutakura nzima ilishangilia. Walidhani ni fataki.

Roketi ilipunguza mwendo. Ikasita. Ikainama.

Sasa.

Marguerite aliuma mdomo mpaka akaonja damu.

Hakuna kilichotoka. Hakuna kilichowaka. Roketi iligeuza pua chini, ikaanguka kama mwiko uliotupwa na mke mwenye hasira, ikapotelea mashambani.

"Imekufa!" Huseni alipiga kelele. "Mawe ya Ngagara, hoyee!"

Lakini Marguerite alikuwa keshawasha Vespa. Moshi mweupe ulikuwa bado umesimama hewani, na mguu wa moshi huo ulikanyaga juu ya nyumba moja isiyokwisha kujengwa.

Mawe yalikuwa mawili. Kwa hiyo na roketi zilikuwa mbili.

*

Mlinzi langoni aliona mwanamke, akaona bastola, akaona na Huseni akija mbio nyuma. Akaweka bunduki chini kwa adabu kama anayeweka mtoto.

"Mi ni wa zamu tu hapa," alisema. "Jina langu ni Seifu. Muniandike vizuri."

Marguerite alipanda ngazi za saruji, Huseni nyuma yake.

Kwenye baraza la juu, lisilo na paa wala ukuta wa mbele, ziwa lote lilionekana. Dekerk alikuwa amepiga magoti mbele ya roketi ya pili, mita mkononi. Alikuwa akivuta nyaya moja moja, akizibonyeza, akizivuta tena. Jasho lilimtiririka.

"Iko nzima," alikuwa akijisemea. "Pile iko nzima!"

"Ni nzima ya kupimwa," Marguerite alisema. "Si ya kazi."

Dekerk aligeuka na bastola yake.

Pa!

Browning ilisema kwanza. Risasi ilimpiga begani, bastola ikaruka ikaanguka chini uwanjani. Huseni alimrukia mgongoni, akamfunga mikono kwa waya wake mwenyewe.

"Shuka ukamwangalie Seifu," Marguerite alimwambia.

Huseni alimtazama, akatazama roketi, akamtazama tena. "Mama Geneviève. Chef amesema tumulete akiwa hai."

"Nimesikia Chef alivyosema. Shuka."

Akashuka.

Marguerite alimkokota Dekerk akamwegemeza ukutani. Akachukua roketi ya pili akamlazia kifuani, pua ikielekea kidevuni. Ndani ya pua ile mlikuwa na baruti ya kusukuma mwamvuli na ile taa nyekundu iliyotengenezwa kuwaka mpaka iishe, iwe juu ya maji au juu ya mtu.

"We ni yule mama wa duka," Dekerk alisema, akihema.

"Mi ni mke wa Léonce."

Uso wake ulibadilika kidogo tu. Kidogo hicho kilimtosha Marguerite.

"Pile zilipanda," Dekerk alisema, kama anayedai haki. "Nilipima!"

"Zilianikwa."

"Nini?"

"Zilikufa zamani. Tukazianika juu ya mabati. Jua linazifufua kidogo, zinadanganya sindano." Alibandua jiwe bovu kwenye kiunganishi, akalitupa. "Kwenu hamuaniki mawe?"

"Kuanika... pile?"

"Kama muhogo."

Alitoa kikasha kingine mfukoni. Akakichana kwa meno. Jiwe jipya, zito, halijawahi kuguswa na redio yoyote. Alikuwa amelinunua kwa Mzee Majid mchana ule ule, baada ya Land Rover kuondoka, na alijua alichokuwa akilinunulia.

Alishika kile kijikofia cheusi chenye pembe tatu ya Léonce. Akakibana upande mmoja.

Tap.

Swichi ya roketi ilikuwa inalala ubavu, kama inavyolala roketi ikiinama angani. Njia ya umeme ilikuwa imeungwa. Kilichobaki ni kifungo cha pili, na kati yake na kichwa cha jiwe usingeweza kupitisha punje ya mchele.

"Umemuweka wapi?"

"Wewe mama, unajua hii ikiwaka—"

"Najua kuliko wewe. Aliyeiunga nililala naye." Akashusha kijikofia kidogo. "Umemuweka wapi?"

"Ni vita! Watu wanakufa!"

"Wanazikwa pia."

Redio kiunoni mwake ilikoroma. "Sangala kwa Mukeke. Boti zimekata tamaa, zimewasha injini kurudi. Tumezisikia, tumezishika zote. Nasema zote! Mamba yuko wapi? Mukeke, jibu."

Macho ya Marguerite hayakutoka usoni mwa Dekerk. Alitaka auone woga ukimpanda kama maji kwenye mtumbwi, na aliuona. Ulifika shingoni. Ulifika machoni.

"Ghala ya pamba," Dekerk alisema. Sauti ilimpasuka. "Ile ya zamani, njia ya Rusizi. Chini ya sakafu, penye mlango wa nyuma. Saruji ni mpya, utaona. Toa mkono! Nimesema, toa mkono!"

Marguerite hakutoa mkono.

Mwaka mzima aliiota saa hii. Akiosha vyombo aliiota, akimsuka Geneviève aliiota. Shinikizo dogo tu la kidole gumba. Koko Dorothée mwenyewe angemkamata kile kidole akakibusu.

"Mukeke, jibu," ilisema redio.

Na kama amedanganya? Kama ghala lile lina saruji na panya tu? Maiti ya Dekerk isingeulizwa mara ya pili.

Akabandua kijikofia. Akalitia jiwe mfukoni, akapigapiga mfuko ule ili Dekerk aone linapokaa.

"Kesho tunavunja sakafu," alisema. "Nisipomkuta, hakuna gereza litakalonizuia kukufikia."

Akabonyeza redio.

"Mukeke kwa Sangala. Mamba yupo. Ana kiherehere cha kusema. Leteni machela."

*

Walivunja sakafu asubuhi. Gaspard alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Saruji penye mlango wa nyuma ilikuwa nyeupe kuliko nyingine, na nyundo zilizama upesi.

Marguerite aliinama akatazama. Alitazama mkanda, viatu, na mfuko wa shati ambamo Léonce alizoea kuweka koleo yake ndogo. Koleo ilikuwamo.

Alisimama akaikung'uta vumbi sketi yake.

"Ndiye," alisema.

Gaspard alikohoa. "Pole sana, mama. Na yule? Mahakama ya kijeshi watauliza Ofisi inapendekeza nini. Neno lako moja linatosha."

Marguerite alifikiri. Nje, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.

"Asinyongwe. Mmfunge penye dirisha linalotazama ziwa. Na aishi sana."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Chef. Naomba ruhusa. Nina mazishi ya kupanga."

Akawapita askari, akampita Huseni aliyevua kofia, akapanda Vespa. Hakugeuka nyuma. Njiani alipita na kwa jirani, akamkabidhi mawe mapya aliyomuahidi.

Koko Dorothée alikuwa amesimama katikati ya ua, kana kwamba alisimama hapo tangu jana. Marguerite alizima pikipiki.

"Tumempata, Mama."

Mzee yule hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu, akanyoosha miguu mbele yake, akafungua kitambaa cha kichwa. Nywele za mwaka mzima zikashuka, nyeupe. Kisha akaanza kulia kilio kile alichokuwa amekidai, kirefu, kilichonyooka, kisicho na haraka. Marguerite alijitupa chini ubavuni mwake, na sasa naye machozi yakamtoka, mengi, bila kuyafuta.

Geneviève alitoka ndani na gauni lake la kulalia. Aliwatazama wote wawili. Akasogea, akamwekea mama yake mkono shavuni.

"Mama, mi niko na njaa."